Kumbukumbu za Vita Mnadani: Mwenye Mali ni Nani?

KATIKA minada ya vitu vya kale inayofanyika London, na katika baadhi ya miji ya Ujerumani, mara kwa mara huwekwa mezani nishani moja ya fedha yenye upana wa milimita 36. Upande mmoja pana sura ya Mfalme George wa Tano. Upande wa pili pana mtu aliye uchi juu ya farasi, na farasi huyo anaikanyaga ngao yenye alama ya tai wa Prussia. Miaka ya 1914 na 1918 imeandikwa kando yake. Nishani za namna hiyo zilitolewa kwa mamilioni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwa hiyo uso wake haumshughulishi sana mnunuzi anayeijua kazi yake. Yeye huigeuza akausoma ukingo, kwani ukingoni ndipo Waingereza walipopiga namba, cheo, jina na kikosi cha kila askari aliyepewa. Akilikuta hapo jina la Kiyao au la Kinyamwezi pamoja na herufi za King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wa nchi hii walilizoea kwa jina la Keya, hujua kwamba amepata kitu ambacho wenzake wengi hawanacho.

Jina lile ni la mtu aliyekuwa na mama, shamba na kijiji. Namna nishani yake ilivyotoka kijijini ikafika mezani ni habari ambayo kwa kawaida haimo katika orodha ya mnada.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba biashara ya kumbukumbu za kijeshi haifanyiki vichochoroni. Katika nchi za kibepari ni shughuli ya watu wenye heshima zao. Ina vitabu vyake, vyama vyake, maonyesho yake, na mabingwa wanaoitwa kutoa ushahidi kama kofia fulani ni ya kweli au ya uongo. Huuzwa panga na singe, kofia, vifungo vya makoti, mikanda, bendera, ramani, picha, na hata barua ambazo maofisa waliwaandikia mama zao kutoka vitani. Miongoni mwa vitu hivyo, vile vya jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, lililoitwa Schutztruppe, hutafutwa kwa bidii ya pekee. Sababu yake ni ya kibiashara tu: jeshi lile lilikuwa dogo. Vita vilipoanza mwaka 1914 lilikuwa na Wazungu wapatao 260 na askari wa Kiafrika wapatao 2,500. Vitu vilivyobaki ni vichache, wanaovitaka ni wengi, na kwa hiyo bei hupaa.

Palipo na bei ya namna hiyo hapakosi walaghai. Wale wanaodhani kwamba ulanguzi ni maradhi ya wauza sukari peke yao wangestaajabu kuona ufundi unaotumika huko. Yuko anayechukua nishani ya kweli, akaukwangua ukingo hadi jina la mpishi au karani lipotee, kisha akachonga jina la mtu aliyekufa katika mapigano mashuhuri. Ndiyo sababu mnunuzi mwangalifu huja na kipimo, maana nishani iliyokwanguliwa hupungua upana na uzito. Yuko anayetengeneza beji mpya kwa kalibu, akaizika ardhini au kuichovya katika tindikali ili ipate kutu ya miaka mia. Koti la kijeshi nalo huangaliwa katika chumba chenye giza kwa taa ya mionzi ya urujuani, kwa kuwa nyuzi nyingi za viwanda vya siku hizi hung'aa chini ya taa hiyo, hali uzi wa pamba wa zamani hubaki umefifia.

Lakini baada ya chuma kupimwa na uzi kuangaliwa, kinachopandisha bei kuliko vyote ni karatasi. Barua ya ofisa inayoeleza kwamba ngao hii aliitwaa katika boma la chifu fulani, siku fulani, baada ya mapigano fulani, humwondolea mnunuzi wasiwasi wote. Kwa lugha ya mnada, hapo kitu kimekwisha kuthibitishwa kuwa ni halisi.

Hapa ndipo Mtanzania anapopaswa kusimama na kuisoma karatasi hiyo mara ya pili. Maana hati inayothibitisha kwamba kitu ni halisi ndiyo hiyo hiyo inayothibitisha kwamba kiliporwa, nayo imeandikwa kwa mkono wa mporaji mwenyewe. Mwizi wa ng'ombe angefika mnadani Dodoma na barua inayoeleza usiku aliovunja zizi na jina la mwenye zizi, angekamatwa kabla hajamaliza kuisoma. Huko Ulaya barua ya namna hiyo imeongeza bei kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mfano ulio wazi ni wa Uhehe. Tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski, naye mwenyewe akauawa. Wahehe waliteka bunduki zipatazo mia tatu pamoja na mizinga. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga mingine wakaivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kuwasumbua porini kwa karibu miaka minne, hata ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa chake. Bei, basi, iliwekwa mtu akiwa bado yu hai. Tarehe 19 Julai, 1898, alijipiga risasi asije akashikwa, na kichwa kikakatwa.

Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles uliomaliza vita vya mataifa makubwa ya dunia, kipengele cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, ambako palikuwa na mkusanyiko wa mafuvu yapatayo elfu mbili, akachagua moja lenye tundu la risasi ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai. Juni 1954 alilikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Limehifadhiwa Kalenga. Wako wataalamu waliotia shaka kama ndilo lenyewe. Shaka hiyo haiwezi kuwaaibisha Wahehe. Yaliyopaswa kuona aibu ni makabati ya Bremen, ambamo kichwa cha mtu mmoja kiliweza kutafutwa kati ya vichwa elfu mbili kama mtu atafutavyo kitabu.

Na wala si ajali kwamba mafuvu hayo yalikuwa mengi kiasi hicho. Felix von Luschan, mkuu wa fungu la Afrika katika jumba la makumbusho la Berlin, aliwahimiza maofisa wa makoloni wamletee. Septemba 2023 taasisi inayosimamia majumba ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro na jamaa zao walio hai. Novemba mwaka huo huo Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha kwa maovu ya Vita vya Maji Maji. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, ni miongoni mwa vinavyotafutwa. Aidha, jumba la makumbusho la Berlin lina vitu vipatavyo 10,000 vilivyotoka katika ardhi hii, na sehemu yake ni mikuki, ngao na vifaa vingine vilivyookotwa juu ya maiti au kuchukuliwa katika vijiji vilivyochomwa moto.

Jumba la makumbusho lina daftari, na aliye na daftari anaweza kuulizwa. Mkusanyaji binafsi hana wa kumwuliza. Kitu kikiingia sebuleni mwake hutoweka machoni pa watu mpaka atakapokufa na warithi wake wakakipeleka mnadani, pengine kwa siku moja tu, kabla hakijatoweka tena katika sebule nyingine. Ndiyo maana orodha za minada zinapaswa kusomwa na watu wa Idara ya Mambo ya Kale na wa Makumbusho ya Taifa kwa makini yale yale ambayo mwendesha mashtaka husoma maelezo ya shahidi. Siku ya mnada ndiyo siku pekee ambayo barua ya ofisa yule hutoka mafichoni.

Hata hivyo, haki inataka vitu vitenganishwe. Ngao iliyotolewa mkononi mwa maiti na nishani iliyouzwa na mjukuu mwenye shida ya karo haviwezi kuhukumiwa pamoja. Askari wa Keya alipewa nishani yake kwa jina lake, ikawa mali yake, na aliyeinunua kwake kwa hiari hakuiba, hata kama alimpunja. Taifa haliwezi kuirudisha kwa kupiga kelele. Linaweza kuinunua, na pengine lingefaa kuinunua, maana bei ya nyingi ya nishani hizo haifikii gharama ya semina ya siku mbili. Lakini ngao iliyoporwa isinunuliwe hata kwa senti moja. Kuinunua ni kukiri kwamba muuzaji ni mwenye mali.

Kuna hoja nyingine ambayo husikika miongoni mwa wanachama shupavu, nayo yastahili jibu. Husemwa: askari wa Mjerumani na wa Mwingereza alikuwa kibaraka, aliwapiga ndugu zake, akachoma vihenge vyao, ya nini Taifa lililojikomboa lihifadhi kofia yake? Swali hilo lina uchungu wa haki ndani yake. Walioizima Maji Maji kwa bunduki na kwa njaa wengi wao walikuwa Waafrika waliovaa khaki ya mkoloni, na hakuna jumba la makumbusho litakaloweza kuwasafisha.

Lakini historia ya Chama chenyewe inakataa jibu jepesi. Sykes Mbuwane aliletwa na Hermann von Wissmann kutoka Msumbiji akiwa askari wa kukodiwa. Mwanawe, Kleist Sykes, alipigana chini ya von Lettow-Vorbeck, na mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association. Mwana wa huyo, Abdulwahid Sykes, alipelekwa Burma na Waingereza katika Vita Kuu ya Pili, akarudi akawa kiongozi wa TAA, na mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Katika vizazi vitatu vya nyumba moja, sare ya mkoloni ilivuliwa ikaacha mwanasiasa wa ukombozi. Anayetaka kuelewa jambo hilo lilitokeaje atahitaji kuiona sare pia.

Zaidi ya hayo, wapo ambao soko la kumbukumbu limewasahau kabisa. Wapagazi walionyakuliwa vijijini kubeba mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918 walikufa kwa maradhi na njaa kuliko askari walivyokufa kwa risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu iliyoandikwa ni zaidi ya 95,000. Mpagazi hakuacha upanga wala kofia ya kuwekwa mnadani. Aliacha jina la mtaa, Kariakoo, litokanalo na jina la kikosi chake kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo, atakayeachia wakusanyaji kazi ya kuhifadhi historia ya vita vile atapata historia ya maofisa na vifungo vyao vya shaba.

Yote hayo ni ya ng'ambo. Ndani ya nchi hali nayo si ya kujivunia. Tangu zamani imeenea imani kwamba Wajerumani walipokimbia walifukia mali, na kwamba rupia zao zina zebaki ya ajabu yenye thamani ya mamilioni. Kwa imani hiyo watu huchimba usiku kando ya maboma ya kale na hata kufukua makaburi. Huuziana ramani zilizoandikwa Kijerumani cha kubabaisha. Mkulima huuza ng'ombe wake ili anunue rupia moja ambayo aliyemwuzia aliipata kwa bei ya chupa ya soda. Ni ulaghai mtupu. Rupia ya kawaida ya Mjerumani ni kipande cha fedha, basi, wala haina zebaki ndani yake.

Iko sarafu moja ambayo kweli ina thamani, nayo inaonyesha jinsi ujinga unavyowatajirisha wengine. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa baharini na hawapati fedha kutoka kwao, walipiga sarafu zao katika karakana ya reli Tabora. Walitoa hela za shaba, na walitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye sura ya tembo mbele ya mlima, vipande 16,198 tu. Siku hizi kipande kimoja huuzwa Ulaya kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo za bandia nazo ni nyingi. Mchimbaji wa usiku hajawahi kuelezwa habari hizo na mtu yeyote mwenye elimu. Amesikia habari ya zebaki tu. (Neno lenyewe hela, ambalo kila Mtanzania hulitamka kila siku, ni sarafu ya Mjerumani, na labda ndilo kumbukumbu pekee ya utawala ule ambayo hakuna mlanguzi aliyeweza kuisafirisha.) Wakati huo huo ganda la mzinga wa 1916, likifukuliwa na jembe, hupimwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo ulikuwa na maana yake wakati wa kuutunga, kwani ulikuwa umbali wa miaka mia na moja. Lakini Lugalo ni 1891. Maji Maji ni 1905. Vita vya Tanga ni 1914. Silaha na sare za miaka hiyo, yaani historia yote ya kupambana na ukoloni na kuvumilia ukoloni, ziko upande wa pili wa mstari, zikingoja Waziri atangaze kitu kimoja kimoja. Hapana budi mwaka huo usogezwe mbele, angalau ufike mwisho wa 1918, bila ya kumfanya mjukuu mwenye nishani ya babu yake awe mhalifu. Kumiliki kusiwe kosa. Kosa liwe kuitoa nchini bila kibali.

Sheria peke yake haitatosha, kwa sababu kinachopotea kwanza ni habari ya kitu kabla ya kitu chenyewe. Nishani ambazo Waingereza waliwapa askari wa Keya waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma hazikupigwa majina ukingoni kama zile za vita vya kwanza. Mwenye nishani akifa bila kusimulia, nyota yake ya Burma hugeuka kipande cha shaba kisicho na mtu. Bei ya fedha ilipopanda duniani mwanzoni mwa mwaka 1980, nishani nyingi za 1914 hadi 1918 ziliyeyushwa huko Ulaya kwa sababu fedha yake ilikuwa na bei kubwa kuliko jina lililokuwa ukingoni, na hilo lilitokea katika nchi zenye maktaba na majumba ya makumbusho kila mji.

Husimuliwa kwamba mwaka 1964, Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee malimbikizo ya mishahara yao, mamia yao walikusanyika Mwanza, na wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji, asijue la kufanya, alimpa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye kwata kama mwenye bunduki. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Kama kisa hicho kimetiwa chumvi au la, siku ile uhalisi ulithibitishwa bila barua ya ofisa yeyote, kwa ushahidi uliokuwa katika mabega ya wazee. Wazee hao wamekwisha kufa, na ushahidi wao umezikwa pamoja nao.

Waliosalia sasa ni wa vita vingine. Vijana waliovuka Mto Kagera kuyatimua majeshi ya Iddi Amin mwaka 1978 na 1979 ni wazee wa leo, na wenzao wamelala Kaboya. Kila tarehe 25 Julai Taifa huweka mkuki na ngao katika mnara wa mashujaa, lakini sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mzee wa Kagera, lenye mkanda, barua, picha ya kombania na pengine kofia ya adui, halijafunguliwa na mtu mwenye kalamu. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka nje. Kila tawi la Chama lina katibu, kila kijiji kina shule na mwalimu wa historia, na wanafunzi wana simu zenye kamera. Kitu kipigwe picha, maelezo ya mzee yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe pamoja na jina lake, mahali na mwaka, nakala moja ipelekwe Makumbusho ya Taifa, na kitu kirudishwe kwenye sanduku lake. Mnunuzi kutoka ng'ambo atakapobisha hodi, kama watangulizi wake walivyobisha, atakuta karatasi imekwisha kuandikwa, na jina lililo juu yake ni la mwenye nyumba.